Usikubali kosa usilofanya ili urudi nyumbani haraka

Mwezi huu tuongee juu ya jambo linalofungia watu wetu mlango wa kazi.

Kijana mmoja niliyemfundisha alikamatwa siku watu walipigana sokoni. Yeye hakupiga mtu. Lakini mwenzake wa selo alimwambia: "Ukisema ndiyo, unalipa faini kidogo, unarudi nyumbani leo." Kufika kortini, akasema ndiyo. Kweli, usiku ule alilala kwao. Mwaka uliofuata akapata nafasi ya kazi ya ulinzi Arua. Wakamwomba cheti cha tabia njema, kile polisi hutoa Kampala baada ya kuangalia alama za vidole. Kumbe ile "ndiyo" ilikuwa inamngoja. Kazi ikaenda kwa mwingine.

Ndugu zangu, kukamatwa si kuwa na hatia. Kushtakiwa pia si kuwa na hatia. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 28, inasema mtu hana hatia mpaka ithibitishwe, au mpaka yeye mwenyewe akubali kosa. Ndiyo maana neno lako kortini ni zito. Faini inaisha siku moja, lakini rekodi inabaki, na shule, mashirika na kampuni za ulinzi zinaweza kuiulizia.

Basi ukikamatwa, kumbuka haya:

- Polisi wanatakiwa kukufikisha kortini ndani ya saa 48, au wakuachie. Bondi ya polisi ni bure.
- Kama huelewi lugha ya korti, omba mkalimani. Hulipi kitu, ni haki yako kwa kifungu hicho hicho cha 28.
- Usijibu shtaka ambalo hujaelewa. Sema, "Sijaelewa, nisomewe tena."
- Ukihukumiwa na hukuridhika, una siku 14 tu za kutoa taarifa ya rufaa.

Wazazi, mtoto wa chini ya miaka 18 akishikwa, kimbieni na karatasi ya familia inayoonyesha umri wake. Kwa Sheria ya Watoto, korti ya watoto haitumii neno "kutiwa hatiani" kwa mtoto.

Na wewe ambaye tayari una rekodi, usidanganye kwenye fomu. Eleza ukweli. Uongo ukigunduliwa, unapoteza kazi na jina pia.

Yule kijana sasa anatengeneza pikipiki Koboko. Ameniambia niandike haya ili wadogo zake wasikie.

Tuonane mwezi ujao.