VITA VYA VIETNAM: KWA NINI WAMAREKANI WALIGAWANYIKA

Watu wengi wasikiapo habari za vita vya Vietnam huuliza maswali mawili. La kwanza, taifa lenye nguvu kuyapita mataifa mengine liliingiaje katika vita vya nchi ndogo iliyo upande wa pili wa dunia? La pili, kwa nini wananchi wa taifa hilo waligombana wao kwa wao kwa ajili ya vita hivyo, hata baba na mwanawe wakashindwa kula pamoja bila ya maneno makali?

Vietnam ni nchi ndefu na nyembamba, iliyonyoka kando ya bahari kusini ya Uchina. Wafaransa waliitawala tangu karne ya 19. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wajapani waliingia humo, nao waliposhindwa, Ho Chi Minh, kiongozi wa Wakomunisti, alitangaza uhuru katika mji wa Hanoi tarehe 2 Septemba 1945. Wafaransa hawakukubali. Walipigana hata mwezi wa Mei 1954, ngome yao ya Dien Bien Phu ilipoanguka. Ndipo ukafanywa mkutano Geneva, na nchi ikakatwa vipande viwili, kaskazini kwa Ho Chi Minh, na kusini kwa serikali iliyopendelea mataifa ya Magharibi. Mpaka ule ulikuwa wa muda tu. Ilipatana kwamba uchaguzi wa nchi nzima ufanywe mwezi wa Julai 1956, lakini mtawala wa kusini, Ngo Dinh Diem, aliukataa, na Wamarekani wakawa upande wake, kwa kuwa waliona kwamba Ho Chi Minh angeshinda.

Hofu ya Wamarekani ilielezwa na Rais Eisenhower mwaka 1954 kwa mfano wa mchezo wa dhumna. Ukivisimamisha vibao vyake kwa safu kisha ukaangusha cha kwanza, vyote vitaanguka. Alisema kwamba nchi moja ya Asia ikiingia mikononi mwa Wakomunisti, jirani zake watafuata. Mfano ule ulifahamika upesi kwa kila mtu, na labda hiyo ndiyo sababu haukuchunguzwa sana, maana nchi za watu si vibao vya mbao.

Wamarekani hawakuingia vitani kwa siku moja. Kwanza walitoa fedha na silaha, kisha wakapeleka washauri wa kufundisha jeshi la kusini. Mwishoni mwa mwaka 1960 washauri hao hawakuzidi elfu moja. Mwishoni mwa mwaka 1963 walikuwa wamefika 16,000 hivi. Mwezi wa Agosti 1964 ilitangazwa kwamba manowari za Marekani zimeshambuliwa mara mbili katika Ghuba ya Tonkin. Baraza la Wawakilishi lilimpa Rais Johnson ruhusa ya kutumia nguvu kwa kura 416, bila hata mmoja kupinga. Katika Seneti walipinga wawili tu. Baadaye ilibainika kwamba shambulio la pili halikutokea. Hivyo vita vikubwa viliendeshwa miaka mingi pasipo kutangazwa rasmi kuwa ni vita. Tarehe 8 Machi 1965 askari 3,500 walishuka pwani ya Da Nang, na kufikia mwaka 1969 askari wa Marekani nchini humo walizidi 540,000.

Silaha hazikuwapungukia. Walikuwa na ndege za kila namna, helikopta, na hata dawa ya kupukutisha majani ya miti ili adui akose maficho. Lakini adui wao alikuwa akivaa kama mkulima, alilala kijijini, na usiku alitega mitego njiani. Askari wa K.A.R. waliopigana katika misitu ya Burma mwaka 1944 waliijua mvua na joto la namna hiyo. Lakini wao angalau walimtambua adui kwa sare yake. Huko Vietnam mwenye jembe asubuhi aliweza kuwa mwenye bunduki jioni, na wanavijiji wasio na hatia waliteseka baina ya pande mbili. Tarehe 16 Machi 1968 kikosi kimoja cha Wamarekani kiliua mamia ya wanavijiji wa My Lai, wengi wao wakiwa wanawake, watoto na wazee. Habari hiyo ilifichwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kujulikana.

Hata hivyo, jambo lililouleta ugomvi huo ndani ya nyumba za Wamarekani ni sheria ya kuandikisha vijana jeshini kwa lazima. Kijana aliyekuwa akisoma chuo kikuu aliweza kuahirishiwa, na aliyejua daktari mwema au wakili hodari alipata njia. Mtoto wa mfanya kazi wa kiwandani, au wa mkulima maskini, au wa Mmarekani mweusi, mara nyingi alikwenda. Tena katika majimbo mengi mtu hakuruhusiwa kupiga kura ya kuchagua viongozi mpaka afikishe miaka 21, lakini bunduki alipewa akiwa na miaka 18. Kasoro hiyo ilirekebishwa mwaka 1971.

Manung'uniko yalipozidi, serikali iliamua kutumia bahati nasibu. Usiku wa tarehe 1 Desemba 1969, vidonge 366 vya plastiki vya rangi ya buluu vilitiwa katika chombo kikubwa cha kioo, na ndani ya kila kidonge mlikuwa na tarehe moja ya mwaka. Watu walikaa mbele ya televisheni wakingoja. Tarehe iliyotoka kwanza ilikuwa 14 Septemba. Basi vijana waliozaliwa siku hiyo, baina ya mwaka 1944 na 1950, waliwekwa mbele ya wenzao wote. Katika mwaka uliofuata walioitwa waliishia nambari 195. Hata hapo haki haikukamilika, kwani wenye elimu ya hesabu waligundua kwamba vidonge havikuchanganywa vizuri, na waliozaliwa Desemba walipata nambari za mbele kupita kiasi.

Wengine walikataa waziwazi. Muhammad Ali, bingwa wa ndondi wa dunia, alikataa kuapishwa mwaka 1967 na kunyang'anywa ubingwa wake. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1971. Mchungaji Martin Luther King naye alivilaumu vita hivyo mwaka 1967, na hata baadhi ya rafiki zake walimkasirikia.

Isidhaniwe kwamba waliounga mkono vita walikuwa watu wabaya. Wengi walikuwa wazee waliowashinda Wajapani na Wajerumani, nao waliona ni aibu kumwacha rafiki katikati ya mapigano. Lakini mwishoni mwa mwaka 1967 wakuu walisema kwamba ushindi unakaribia. Na Januari 1968, wakati wa sikukuu ya mwaka mpya iitwayo Tet, adui alishambulia miji mingi kwa pamoja, akaingia hata katika ua wa ubalozi wa Marekani Saigon. Washambulizi walifukuzwa na kupoteza watu wengi mno, lakini raia waliokuwa wakitazama hawakuyaamini tena maneno ya wakuu wao. Miezi miwili baadaye Rais Johnson alitangaza kwamba hatagombea tena. Tarehe 4 Mei 1970 askari waliwapiga risasi wanafunzi wa chuo cha Kent State, wanne wakafa. Na siku nne baadaye wajenzi wa majumba waliwapiga wanafunzi katika barabara za New York.

Mapatano ya kuondoka yalitiwa sahihi Paris tarehe 27 Januari 1973, na Saigon ilianguka tarehe 30 Aprili 1975. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa. Kwa upande wa Wavietnamu, serikali yao ilitangaza mwaka 1995 kwamba raia wapatao milioni mbili walikufa, mbali ya wapiganaji.

Mwaka 1982 ukuta wa mawe meusi ulijengwa Washington, na hata huo uligombaniwa kabla ya kujengwa. Majina ya waliokufa yamechorwa humo kwa kufuata tarehe ya kifo, bila kutaja cheo. Yanaanzia katikati ya ukuta kwa mwaka 1959, yanakwenda mpaka ncha moja, kisha yanaendelea kutoka ncha ya pili na kurudi katikati, hata jina la mwisho likakaribiana na la kwanza.