Vepu ya Bangi: Namba Kwenye Kifaa Si Kipimo cha Usalama

Mzazi wa Kaloleni akikuta kifaa kidogo mfano wa kalamu ndani ya mkoba wa mwanawe, chenye betri na namba kama 180 au 200, huenda asijue ni nini. Hiyo ni vepu, na namba hizo ni nyuzi za joto. Kuna vijana wanaoamini kuwa ukichagua joto la chini, bangi haina madhara. Je, ni kweli?

Joto hubadilisha kiasi cha moshi. THC, kemikali inayolevya katika bangi, huanza kugeuka mvuke kwenye nyuzi 157 hivi za Selsiasi. Joto likipita takriban nyuzi 230, majani huanza kuungua, na hapo ndipo hutokea lami na gesi yenye sumu ya kaboni monoksaidi. Kwa hiyo mvuke huwa na vitu hivyo kwa kiasi kidogo kuliko msokoto unaowaka.

Hata hivyo, kilevi ni kile kile. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, uliwapa watu wazima 17 kiwango sawa cha THC kwa njia zote mbili. Mvuke uliwalevya zaidi kuliko moshi.

Pia, namba haikuambii kilichomo ndani ya kichupa cha mafuta. Kufikia Februari 2020, watu 2,807 nchini Marekani walikuwa wamelazwa hospitalini au kufariki kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na vepu. 68 kati yao walifariki. Wengi walikuwa wametumia mafuta ya THC, na wachunguzi waliyahusisha sana madhara hayo na asetati ya vitamini E iliyochanganywa humo. Namba ya joto haiwezi kuonyesha mchanganyiko kama huo.

Hapa Kenya, utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulikadiria kuwa watu 518,807 wa umri wa miaka 15 hadi 65 wanatumia bangi. Hatari ni kubwa zaidi kwa vijana, kwa kuwa ubongo huendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi. Bangi ni haramu chini ya Sheria ya Dawa za Kulevya ya mwaka 1994, iwe ni msokoto, mafuta au mvuke.

Mzazi, ukigundua mwanao anatumia vepu, zungumza naye kwa utulivu kabla ya kumwadhibu. Kijana anayeogopa kipigo huficha hata maumivu. Akipata shida ya kupumua, maumivu ya kifua, kutapika kusikokoma au kuchanganyikiwa, mpeleke hospitali mara moja, ukibeba kifaa hicho ili daktari ajue alichovuta. Kwa ushauri, piga simu ya NACADA, nambari 1192, bila malipo.