Lil: mwanamke aliyemsogeza Satchmo mbele

Ukitaja jazz mbele ya watu wanaojua muziki, jina la kwanza kutua mezani ni Louis Armstrong, yule mkali wanayemwita Satchmo. Picha yake unaijua hata kama hujawahi kununua hata CD yake moja: tarumbeta mkono mmoja, leso nyeupe mkono wa pili, tabasamu la sikio hadi sikio.

Sasa jiulize, mezani hapo hapo nani amemtaja Lil Hardin? Hakuna. Na bado, bila huyo dada mwembamba mpiga piano, huenda Louis angezeeka akiwa mtu wa kuitikia nyuma ya tarumbeta la mwenzake. Hii ni stori ya mapenzi, mshiko na kazi. Imetokea Chicago miaka zaidi ya 100 iliyopita, lakini ukiisoma utadhani inamhusu jirani yako.

Mtoto wa mtaani na binti wa chuo

Louis alizaliwa New Orleans, kusini mwa Marekani, tarehe 4 Agosti 1901. Jiji hilo lilikuwa na historia yake. Zama za utumwa, siku za Jumapili Waafrika walikusanyika kwenye uwanja ulioitwa Congo Square, wakapiga ngoma na kucheza za kwao. Baadaye zikachanganyika nyimbo za kanisani, blues, ragtime na bendi za matarumbeta zilizosindikiza misiba na sherehe. Ndani ya chungu hicho ndipo jazz ilipoiva.

Lakini maisha yenyewe yalikuwa noma. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imebariki ubaguzi: weusi kivyao, weupe kivyao. Louis alikulia kwenye ufukara, baba hayupo, mama anahangaika. Usiku wa kuamkia mwaka 1913 alifyatua bastola hewani kusherehekea, akakamatwa na kupelekwa shule ya watoto watukutu. Huko akafundishwa koneti, ndugu mfupi wa tarumbeta.

Lil yeye alizaliwa Memphis mwaka 1898. Alisomea piano tangu mdogo na akafika hadi Chuo Kikuu cha Fisk. Mama yake hakutaka kabisa kusikia habari za blues. Kwake ule ulikuwa muziki wa kihuni. Walipohamia Chicago, Lil alipata kazi kwenye duka la kuuza karatasi za muziki, kazi yake ikiwa kuwapigia wateja nyimbo ili wanunue. Kwa simulizi yake mwenyewe, alilipwa dola 3 kwa wiki. Bendi moja kutoka New Orleans ilipomhitaji, ikamwekea dola 27 na nusu. Hapo ungekuwa wewe ungefanyaje? Dada akahama, na mama akabaki na kazi ya kununa.

Hawakuwa peke yao kwenye safari hiyo ya kwenda kaskazini. Kati ya mwaka 1916 na 1970 Wamarekani weusi wapatao milioni 6 waliondoka kusini wakikimbia ubaguzi na kufuata ajira. Walibeba masanduku yao, walibeba na muziki wao. Ndiyo maana jazz iliyozaliwa New Orleans ikaja kukua Chicago.

Siku ya kwanza hakumzimikia

Agosti 1922, King Oliver, bingwa wa koneti na mwalimu wa Louis tangu New Orleans, akamwita kijana wake ajiunge na bendi yake kwenye ukumbi wa Lincoln Gardens. Lil naye akaja kuwa mpiga piano wa bendi hiyo.

Bishosti, usidhani ilikuwa mapenzi ya mara ya kwanza machoni. Miaka ya baadaye Lil alisimulia wazi kwamba alishangaa. Alikuwa amesikia sifa za 'Louis mdogo', mara anaona jamaa mwenye kilo zaidi ya 100! Pamba zake hazikumvutia, na mtindo wa nywele ndiyo kabisa. Louis alikuwa mtu wa Kusini, mshamba wa jiji.

Kilichombadilisha Lil ni masikio yake. King Oliver alimwambia kwamba Louis anapiga vizuri kuliko yeye, lakini maadamu yuko chini yake hawezi kumpita. Lil akaanza kumwangalia kijana kwa jicho jingine. Tarehe 5 Aprili 1923 bendi ilipokwenda Richmond, Indiana, kurekodi, inasimuliwa kuwa Louis aliwekwa mbali na wenzake kwa sababu sauti ya koneti yake ilifunika bendi nzima.

Jambo la pili lililomshtua Lil lilikuwa pesa. Aligundua kwamba Louis anamwachia Oliver amtunzie mshahara wake. Mtu mzima, anafanya kazi, halafu anaomba hela zake mwenyewe! Lil akamwambia azishike mwenyewe. Akampeleka madukani, akamnunulisha suti za maana. Wote wawili walikuwa na ndoa za mwanzo zilizovunjika. Februari 1924 wakaoana.

"Chagua"

Mke mpya hakutaka kuolewa na koneti namba mbili. Alimweleza mumewe wazi kwamba aondoke kwa Oliver. Kwa Louis hilo lilikuwa gumu kama kumkana baba, maana Oliver ndiye aliyemtoa. Mwisho akakubali, na mwaka huo huo wa 1924 akaenda New York kwenye bendi ya Fletcher Henderson.

Huko akawa gumzo, lakini bado alikuwa mwajiriwa mmoja kati ya wengi, na mke yuko Chicago. Lil naye hakukaa kumsubiri akisuka mikeka. Alianzisha bendi yake kwenye ukumbi wa Dreamland, akambana meneja mpaka akakubali kumlipa Louis dola 75 kwa wiki, wakati kwa Henderson alikuwa anapata 55. Si hivyo tu, akataka tangazo limwite mpiga tarumbeta bora kuliko wote duniani.

Louis akarudi Novemba 1925. Sasa tazama picha hiyo: nyumbani ni mume, kazini bosi ni mke. Wanamuziki wenzake wakamtania sana. Kwa lugha ya kwetu tungesema kapewa limbwata. Ni wanaume wangapi leo, na suti zao na laptop zao, wangeweza kubeba utani huo kwa mwaka mmoja?

Lakini tazama pia matunda yake. Tarehe 12 Novemba 1925 Louis aliingia studio ya OKeh na bendi yake mwenyewe, Hot Five: yeye, Lil kwenye piano, Kid Ory, Johnny Dodds na Johnny St. Cyr. Bendi hiyo ilikuwa hasa ya studio. Kabla yake jazz ilikuwa zaidi muziki wa wote kupiga kwa pamoja. Katika rekodi hizo mpigaji mmoja anajitokeza, anasimulia hadithi yake kwa chombo chake, wengine wanamsindikiza. Tangu hapo wapigaji wengi wa jazz walifuata njia hiyo.

Ilipovunjika

Ingekuwa filamu tungeishia hapo. Haikuwa filamu. Louis alianza uhusiano na msichana mwingine, Alpha Smith. Lil alikuwa mtu wa mipango na msimamo. Louis alizidi kuchoka kuongozwa. Yaleyale yaliyomjenga ndiyo yakaja kumkera. Mwaka 1931 walitengana, na mwaka 1938 wakapeana talaka. Mwaka huo huo Louis akamwoa Alpha, na ndoa hiyo nayo haikudumu. Mwaka 1942 akamwoa Lucille Wilson, aliyekuwa naye mpaka kufa.

Na Lil? Hakujifungia ndani kulia. Aliongoza bendi, akarekodi kwa jina lake, akatunga nyimbo, akajifunza pia ushonaji. Wimbo wake 'Just for a Thrill' ulirekodiwa na Ray Charles mwaka 1959 na unapigwa hadi leo. Hakuolewa tena.

Louis alifariki tarehe 6 Julai 1971. Tarehe 27 Agosti mwaka huo huo, Chicago ilifanya onyesho la kumkumbuka. Lil, akiwa na miaka 73, alikaa kwenye piano kumpigia mume wake wa zamani. Alianguka akiwa anapiga na kufariki dunia.

Jazz na sisi

Louis alikanyaga pia Afrika. Mwaka 1956 alipokewa kwenye nchi ambayo leo ni Ghana, na mwaka 1960 akazunguka nchi kadhaa, ikiwamo Kongo iliyokuwa kwenye vurugu za uhuru. Alipofika Leopoldville, Kinshasa ya leo, alibebwa juu juu kwenye kiti kama mfalme.

Lakini neno jazz lilikuwa limemtangulia. Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu mwaka 1932, Morogoro Jazz tangu 1944, na kule Leopoldville OK Jazz ilianza 1956. Muziki wao haukuwa wa Chicago, ulikuwa dansi lenye magitaa na ladha ya rumba. Kwa wazee wetu kujiita Jazz kulimaanisha kitu kimoja: sisi ni watu wa mjini, wa kisasa, njooni mcheze.

Kwa ninyi wawili

Kumsukuma mwenzio mbele ni upendo, ila mwulize anataka kwenda wapi. Ukisukumwa ukafika, usisahau mikono iliyokusukuma. Na wewe unayesukuma, usiache kipaji chako kabatini ukingoja shukrani. Lil alibaki na piano yake, na piano haikumwacha.

Wasikilizeni pamoja usiku mmoja, simu zikiwa zimezimwa:

• 'Chimes Blues' (1923): Louis anapewa nafasi ya kupiga peke yake, Lil yuko kwenye piano.

• 'Struttin' with Some Barbecue' (1927): mtunzi ni Lil, mbele yuko Louis.

• 'West End Blues' (1928): Lil hayupo tena kwenye piano, amekaa Earl Hines. Sikiliza jinsi Louis anavyoufungua wimbo peke yake, mbele ya wote, pale pale Lil alipotaka asimame.