Ubani na Nchi Kame

Bustani zetu za pwani zina asumini na mrehani, lakini mti wa ubani hauonekani humo. Makazi yake ni nchi kame kama Isiolo, penye mawe na jua kali. Huko miti ya ubani na manemane hutoa utomvu kuziba jeraha la gome, liwe la mdudu au la kisu. Ndani yake mna mafuta mepesi yenye harufu, ambayo hutofautiana kwa aina ya mti, udongo na majira. Kiangazi utomvu hukauka ukawa matone magumu. Mvua huulainisha na kuuchafua. Nao ukiachwa juani muda mrefu, mafuta huruka na harufu hufifia.

Kiangazi hicho hicho maziwa ya mifugo hupungua, na akina mama wa jamii za wafugaji huokota utomvu huo wapate riziki. Lakini mti ukijeruhiwa kupita kiasi hudhoofika, na mche ukiliwa na mbuzi hautaufikia utu uzima. Basi tunaponunua ubani wa chetezo, tuulize umetoka wapi na umevunwaje. Tupendao harufu yake, tuupende na mti wenyewe.