Kofia Ngumu kwa Wapanda Baiskeli wa Milimani

Mwezi huu tuzungumzie baiskeli. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kama kilometa 33, na barabara hiyo inashuka karibu meta 1,000 kwa kona zisizokwisha. Kijana anayeteremka kutoka Soni na gunia la viazi kwenye keria hana haja ya kukanyaga pedali, kwani mzigo wenyewe unamsukuma. Mvua ikinyesha, rimu hulowa na mipira ya breki huteleza. Kwa hiyo mwendo upunguzwe kabla ya kufika kwenye kona, wala si ndani yake. Asubuhi za ukungu, taa na nguo za rangi ang'avu ni lazima.

Lakini kinachoua zaidi ni kuumia kichwa. Mtu akianguka, fuvu hugonga lami na kusimama ghafla, nao ubongo ulio ndani huendelea kusogea hadi ukajigonga kwenye mfupa. Kofia ngumu ina povu gumu ambalo hupondeka na kupunguza nguvu ya pigo hilo. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kuumia vibaya kichwani kwa karibu asilimia 70. Wengi husema kofia ni ya watu wa bodaboda. Sijui kwa nini, maana lami ni ileile. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, na ukanda ufungwe kidevuni. Kuivaa kisogoni ni kazi bure. Ikishagonga chini kwa nguvu ibadilishwe, hata kama haina ufa.

Wazazi, angalieni sana jambo hili. Mtoto anaweza kuanguka, akalia, akainuka na hata akala chakula, kumbe damu inavuja taratibu ndani ya fuvu. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kumuuma, akisinzia isivyo kawaida, akiongea ovyo, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au damu ama maji yakimtoka puani au masikioni, msimlaze nyumbani eti apumzike. Apelekwe hospitali ya wilaya Lushoto au Bumbuli, palipo karibu, usiku huohuo. Wala msimpe aspirini ya kutuliza maumivu, kwa sababu huizuia damu isigande.