Usilale Betri Ikiwa Kwenye Chaja



Kazini kila mmoja wetu anajua kwamba baruti haikai karibu na moto, na asiyepewa kazi ya baruti haigusi. Sheria hiyo tumeizoea. Lakini siku hizi, nyumbani kwetu hapa Bungulu, vijana wana magari madogo na ndege ndogo zinazoongozwa kwa redio. Ndani yake mna betri ambayo ikichajiwa vibaya huweza kuwaka kwa ghafula. Wengine huiweka kwenye chaja juu ya godoro, hufunga mlango kwa komeo, kisha jamaa yote hulala. Hilo ndilo tunalotaka liachwe.

Hatusemi watoto wakatazwe. Ndege za namna hii hufundisha ufundi. Katika Rwanda, mwaka 2016, ndege ndogo zisizo na rubani zilianza kupeleka damu hospitalini kwa nguvu ya betri za lithiamu. Tunachosema ni kwamba betri hii ina sheria zake.

KWA SABABU GANI HUWAKA?

Betri hii huitwa lithiamu polima. Ni pakiti laini na nyepesi, haina kopo la chuma kama betri ya tochi. Ni ndugu wa betri ya simu. Nyingi kati yake zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa katika nchi yetu, pande za Kolwezi.

Ndani mna karatasi nyembamba za madini, na kati yake mna dawa ya majimaji inayowaka upesi. Ukiijaza umeme kupita kiasi, au ikitobolewa, au ikianguka na kuumia, joto huzaliwa ndani. Joto hilo huharibu dawa, na dawa ikiharibika huzaa joto zaidi. Betri huvimba, hutoa moshi, kisha hulipuka moto. Madini yenyewe hutoa oksijeni, kwa hiyo kuifunika kwa blanketi hakuizimi.

Msidhani ni hadithi. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege kubwa ya mizigo ya kampuni ya UPS ilianguka Dubai. Moto ulikuwa umeanza katika mizigo iliyokuwa na betri nyingi za lithiamu. Marubani wawili walikufa. Ikiwa ndege kubwa yenye vyombo vya kupambana na moto ilishindwa, je, nyumba yetu ya mbao itaweza?

SOMA MAANDISHI YA BETRI

Tuchukue mfano. Betri imeandikwa: 3S, 11.1 V, 2200 mAh, 25C.

«3S» maana yake seli tatu zimefuatana. Kila seli ni volti 3.7, mara tatu ni 11.1. Seli ikijaa hufika volti 4.2, basi betri nzima ni 12.6. Usipite hapo. Wala usiiache ishuke chini ya volti 3 kwa kila seli, maana itaharibika.

«2200 mAh» ndiyo hesabu ya kujazia. Gawanya kwa 1000, utapata ampea 2.2. Hicho ndicho kipimo cha kuweka kwenye chaja, isipokuwa mtengenezaji ameandika vingine. Itachukua muda wa saa moja au zaidi kidogo. Usiwe na haraka.

«25C» ni nguvu ambayo betri inaweza kutoa wakati wa kuruka. Siyo ya kuchajia. Kosa hilo ni la hatari sana.

SHERIA ZA KUCHAJI

1. Tumia chaja ya lithiamu polima peke yake, yenye waya mdogo wa kusawazisha seli zote. Chaja ya betri ya gari haifai.

2. Usiunganishe betri moja kwa moja na paneli ya sola au na pikipiki. Paneli inayoitwa ya volti 12 huweza kutoa volti 18 au zaidi jua likiwa kali, na pikipiki hutoa karibu 14. Betri yetu haivumilii zaidi ya 12.6.

3. Weka betri juu ya saruji au matofali, au ndani ya chungu kisichofunikwa. Iwe mbali na godoro, pazia, ukuta wa mbao na bidoni ya petroli ya kadhafi. Isiwe karibu na mlango, maana mlango ndio njia yenu ya kukimbilia.

4. Mtu mzima awepo na awe macho mpaka mwisho. Ukitaka kutoka au kulala, chomoa kwanza.

5. Betri iliyotoka kazini ikiwa na joto, ngoja ipoe. Iliyovimba, iliyotoboka au yenye harufu tamu ya dawa, usiichaji tena hata mara moja.

6. Isipotumiwa kwa siku nyingi, itunze ikiwa na volti 3.8 hivi kwa kila seli, mahali penye baridi, mbali na watoto.

Betri iliyokufa usiitupe motoni wala chooni, na usiitoboe. Funga ncha za waya kwa utepe, kila ncha peke yake, iweke nje ndani ya chungu chenye mchanga, kisha mwulize fundi umeme.

MOTO UKITOKEA

Toa watoto na wagonjwa kwanza. Ukiweza bila hatari, kata umeme. Umeme ukiisha kukatwa, mwaga maji mengi kwa kurudia, maana maji hupoza. Mchanga huzuia moto usitawanyike, lakini betri yaweza kuwaka tena. Usisimame ndani ya moshi: una sumu inayochoma mapafu.

Aliyeungua, mwagilie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala udongo. Funika kwa kitambaa safi, mlete kwetu. Dawa ya betri ikiingia machoni, osha kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha mlete. Aliyevuta moshi aje hata kama anajisikia vizuri, maana kifua huweza kubana baada ya saa kadhaa.

Ndugu msomaji, kidonda cha moto sisi tunaweza kukitibu, lakini kovu hatuwezi kuliondoa. Jioni ya leo, kabla ya kufunga komeo, zunguka nyumba yako uone ni chaja ngapi zina betri. Zichomoe. Kesho mchana, mtoto atachaji ndege yake wewe ukiwa karibu.