Shinyanga hadi Kigali na Kampala kwa gari binafsi: Safari huanzia kwenye karatasi

TANGU Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo-Busisi lilipozinduliwa Juni 19, 2025, wakazi wa Shinyanga, Kahama na Geita wenye magari yao wanaweza kufanya mzunguko ambao zamani wengi waliuogopa: kutoka nyumbani kwa njia ya Kahama na Rusumo, kupita Kigali na Kampala, kisha kurejea kwa Mutukula, Bukoba na Geita bila kusubiri pantoni.

Mzunguko huo una urefu wa karibu kilomita 2,000, nyingi zikiwa za lami. Kwa dereva aliyezoea kwenda Dar es Salaam na kurudi, umbali huo si wa kutisha. Kinachowakwamisha wengi si barabara, bali karatasi, na wengi huligundua hilo wakiwa tayari wamefika mpakani, watoto wakiwa kiti cha nyuma na harusi ikiwasubiri ng'ambo.

Jambo la kwanza ni kadi ya gari. Ofisa wa forodha hutaka kujua gari ni la nani na kama aliye kwenye usukani ana haki ya kulitoa nje ya nchi. Gari lililonunuliwa kwa mtu bila kubadilishwa jina, hali ambayo ni ya kawaida mno katika miji yetu, linaweza kumrudisha mwenyewe nyumbani. Vivyo hivyo gari la mkopo ambalo kadi yake halisi ipo benki. Anayesafiri na gari lisilo na jina lake anapaswa kuwa na barua ya idhini ya mwenye gari, na ni vyema iwe imeshuhudiwa na wakili. Aliyekopa benki aombe barua ya benki mapema, maana barua za namna hiyo haziandikwi kwa siku moja.

La pili ni bima. Bima ya kawaida ya ndani haivuki mpaka. Inayovuka ni ile kadi ya njano ambayo madereva wa malori huiita kwa kifupi bima ya COMESA, inayotolewa na kampuni za bima kwa mteja ambaye tayari ana bima ya gari. Tanzania ilijitoa katika COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki katika mpango huo wa bima, na kwa sababu hiyo kadi hiyo inakubalika Rwanda, Uganda, Burundi na Kenya. Mwenye gari ahakikishe kuwa majina ya nchi anazokwenda hayajafutwa kwenye kadi na kwamba tarehe zake zinatosha hadi siku ya kurudi. Kadi hiyo humlinda mtu wa tatu aliyeumizwa au kuharibiwa mali. Haina maana kwamba gari la msafiri mwenyewe litatengenezwa.

Ulaya nao walilitatua tatizo hilo kwa karatasi ya rangi. Kadi yao ya kijani ilianzishwa mwaka 1949, wakati bara hilo likijijenga upya baada ya vita. Leo Mtanzania anayeishi Sweden anaweza kuwasha gari Stockholm, akavuka daraja la Øresund lililofunguliwa mwaka 2000, akapita Denmark, Ujerumani na Czech hadi Austria, na kazi kubwa ya maandalizi ikawa ni kulipia ushuru wa barabara za mwendo kasi za Czech na Austria. Hata huko, hata hivyo, pasipoti haiachwi nyumbani, kwa kuwa Ujerumani ilirudisha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024.

Kwa upande wetu, kila msafiri, mtoto akiwamo, awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao kuvuka kwa vitambulisho vya taifa, lakini Tanzania haikuingia katika utaratibu huo. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi wa pili. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho kiwekwe karibu. Mikoa ya ziwa imepitia mlipuko wa Marburg mwaka 2023 na mwingine mwaka 2025, na maofisa wa afya wa mipakani hawana sababu ya kumwonea mtu haya.

Njia yenyewe huanzia Shinyanga mjini kwenda Tinde, ambako dereva huiacha barabara ya Nzega na kushika ya Isaka na Kahama. Hapo ndipo anapokutana na malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo, na hataachana nayo hadi mpakani. Hupita Masumbwe na Ushirombo, ndani ya Mkoa wa Geita, kisha Runzewe, Nyakanazi na Lusahunga. Ni busara kujaza tangi Kahama, kukagua tairi la akiba na jeki, na kutoka alfajiri ili sehemu ya misitu na milima baada ya Lusahunga ipitwe mchana. Zamani magari katika misitu ya Biharamulo yalisindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi. Siku hizi hatari iliyo dhahiri zaidi ni lori lililoharibikia kwenye kona usiku, bila taa wala pembetatu, likiwa limewekewa matawi ya miti tu. Vijijini kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wenye tochi wanakijua kila kibao.

Rusumo, ambako kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa mwaka 2016, taratibu za nchi zote mbili hufanyika mahali pamoja. Gari hupewa kibali cha muda chenye idadi ya siku, na dereva azisome siku hizo kabla ya kuondoka dirishani. Mifuko ya plastiki iachwe nyumbani; Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, miaka 11 kabla ya Tanzania. Saa nayo irudishwe nyuma: saa nne asubuhi upande wa Tanzania ni saa tatu upande wa Rwanda.

Ukishavuka Mto Kagera, jambo moja hubadilika ambalo halina karatasi ya kulirekebisha. Rwanda huendesha upande wa kulia.

Gari la Tanzania, lenye usukani kulia, humweka dereva wake pembezoni mwa barabara badala ya katikati. Akiwa nyuma ya lori hawezi kuona kinachokuja mbele mpaka atoe nusu nzima ya gari lake, na kufikia hapo huenda amechelewa. Waswidi waliishi na hali inayofanana kwa miongo kadhaa: sheria ikiwataka kupita kushoto, ilhali magari yao mengi yalikuwa na usukani kushoto. Ajali za uso kwa uso wakati wa kupita gari jingine zilikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya wahamie kulia, nchi nzima, asubuhi ya Septemba 3, 1967.

Msafiri wa Shinyanga hana nchi ya kuhamisha, ana gari moja tu. Lililo salama ni kutopita lori lolote katika milima ya kuelekea Kigali isipokuwa barabara inaonekana mbali, na kumweka kiti cha mbele kushoto mtu mzima anayejua kuendesha, ambaye macho yake yatakuwa macho ya dereva. Kwenye mizunguko, magari ya Rwanda huzunguka kinyume na yale ya Mwanza au Dar es Salaam. Makosa mengi huja si saa ya kwanza, dereva akiwa makini, bali asubuhi ya pili anapotoka hotelini barabara ikiwa tupu na mazoea yakamshika mkono. Mwendo nao udhibitiwe, kwani Rwanda ina kamera za mwendo kwenye barabara zake kuu.

Kutoka Kigali hadi Kampala ni takriban kilomita 500 kwa mpaka wa Gatuna, na ukishaingia Uganda unarudi kushoto. Mpaka huo ulifungwa Februari 2019 kutokana na mvutano wa nchi hizo mbili na haukufunguliwa hadi Januari 31, 2022, hivyo taarifa zake ziulizwe wiki ya safari, si mwezi kabla.

Kurudi ni kupitia Masaka na Mutukula, kisha Bukoba, Muleba, Chato na Katoro hadi Geita. Kutoka Geita, Sengerema na daraja hufuata. Daraja lina urefu wa takriban kilomita tatu na liligharimu zaidi ya Sh700 bilioni. Pale ambapo magari yalipanga foleni ya saa kadhaa, na wagonjwa wa Geita na Sengerema waliokimbizwa Bugando walisubiri pantoni kama abiria wengine, sasa ni dakika chache. Anayekwenda Shinyanga hahitaji kuingia Mwanza mjini. Akifika Usagara anakata kulia.

Lakini kabla ya hapo, Mutukula, asiondoke upande wa Uganda bila kibali cha muda cha gari kufungwa katika mfumo wa forodha. Kibali kilichoachwa wazi huhesabu gari kuwa bado liko ng'ambo, na mwenyewe hukumbushwa siku atakapotaka kuvuka tena.